Jina Kifuani kwa Henina

Tatawin, 5 Tamuzi 5694

Kwa kaka yangu Rahmin, mwandishi wa Torati, Hara Kubwa, Jerba.

Salamu zikufikie wewe na wifi Diamanta. Mbusu Mama mikono yote miwili kwa niaba yangu, wa kulia mara mbili, maana ndio uliokuwa ukitupiga. Sisi huku tupo. Joto limekaza mpaka mafundi fedha wa mtaa wetu wanafungua alfajiri na kufunga kabla jua halijapanda, na mume wangu Shushan ameona heri aende Gabes kununua fedha kuliko kukaa dukani akitazamana na nzi. Mafuta uliyotuma yamefika. Chupa moja imepungua, na dereva wa gari la posta ananukia zeituni mpaka kwenye kofia. Sikumuuliza kitu.

Ile Torati umefika wapi? Watu wa sinagogi la hapa wanajua kaka yangu ndiye anayeiandika, basi nikipita wananipisha njia kama kwamba mimi ndiye nishikaye kalamu. Nami nanyanyua kidevu, kwa nini nisinyanyue.

Henina ana kijoto kidogo. Msimu huu nani hana.

Sasa nina swali. Si langu, ni la jirani, mke wa muuza ngozi. Ikitokea mtu ana Jina la Aliye Juu limeandikwa kwa wino mwilini mwake, tuseme kifuani, anaruhusiwa kuoga? Nakujua ukiulizwa swali la mstari mmoja unaanzia uumbaji wa ulimwengu. Mara hii nijibu kwa kifupi, ndiyo au hapana, na gari likigeuza nipate jibu.

Dada yako,
Meiha


Hara Kubwa, 12 Tamuzi 5694

Kwa dada yangu Meiha, mwenye kidevu cha juu.

Amani kwako na kwa nyumba yako yote. Barua yako ilifika katikati ya juma lakini nimeisoma jana tu. Nipo kwenye sehemu ambayo Jina linatokea karibu kila mstari, na unajua desturi yangu, ni ileile ya baba: naingia kwenye kisima cha kuzamia nijitakase kabla ya kuandika, nafunga mlango, na Mama anakusanya barua zote kwenye kapu mpaka nitoke. Diamanta anasema siku moja nyumba itaungua na mimi nitaambiwa baada ya Sabato.

Mama macho yake ni yaleyale. Anasema anakuona vizuri zaidi akiyafumba.

Kabla ya swali la jirani yako, nina ugomvi na wewe. Barua yako ya Pasaka ulimtaja Aliye Juu kwa herufi Zake zote, moja baada ya nyingine, kwenye karatasi ya kawaida! Hivi wewe ni binti wa nani? Barua ikidondoka sokoni, muuza karanga hachagui karatasi. Nimelazimika kuiweka kwenye gunia la sinagogi pamoja na vitabu vilivyochakaa, ikangoje kuzikwa navyo. Tena mlemle ulinisengenya mke wangu, basi na masengenyo yako yatazikwa kwa heshima.

Sasa jibu. Hapana. Mtu mwenye Jina mwilini asioge, asijipake mafuta, wala asisimame mahali pachafu. Hivyo ndivyo walivyofunza wazee wetu, na hakuna aliyewapinga. Likishaandikwa halifutwi kwa mkono wa mtu, likiwa kwenye ngozi ya ndama au ngozi ya binadamu. Na afunikwe kwa kitambaa safi, na wino uchakae wenyewe kadiri utakavyochakaa, kwa sababu kinachojifutikia chenyewe hakina wa kulaumiwa. Ikibidi amwagiwe maji basi mahali hapo pakingwe, yasipaguse hata tone.

Umwambie mke wa muuza ngozi kwamba aliyeandika hapo ni mjinga au ni mtu hatari. Mimi hii ni kazi yangu, na bado kila nikilifikia Jina naogopa. Baba aliniambia siku nitakayoacha kuogopa niiache na kalamu.

Henina vipi? Umemtaja kwa nusu mstari, na wewe mtoto huyo huwa unaandika habari zake kurasa mbili, meno yake na vituko vyake vyote. Niandikie.

Kaka yako,
Rahmin


Tatawin, 19 Tamuzi 5694

Kaka Rahmin,

Salamu kwa wote. Nimeandika nje ya bahasha kwamba isitiwe kapuni, na nimemwapiza dereva amkabidhi Mama mkononi. Kama unaisoma siku tatu baada ya kufika, sijui nitakuambia nini.

Hakuna mke wa muuza ngozi. Ni Henina.

Ni homa ya matumbo. Ilianza kabla sijakuandikia ile barua ya kwanza. Daktari wa jeshi alikuja, akamgusa tumbo, akatazama ulimi, akasema hana dawa ya kuiua homa hii, ila joto lisipopungua litamla ubongo. Akaamuru beseni la maji baridi, azamishwe mwili mzima mpaka shingoni, mara kadhaa kwa siku. Kila akipita ananiuliza, "Mama, unamwogesha?" Namjibu, "Ndiyo, daktari." Namdanganya mtu mzima usoni! Namlowesha miguu na paji la uso tu, kifua nimekifunga kitambaa cheupe kama ulivyosema. Barua yako ilifika, kaka, na nimeitii.

Uliuliza nani mjinga aliyeandika. Ni mimi. Kile kipande cha wino wa baba ulichonipa nilipoolewa, nikikumbuke mkono wake, nilikisaga kwa maji nikachonga kalamu ya tete. Unakumbuka nilivyokuwa nikikaa chini ya meza nikimsagia wino, akikufunza wewe herufi? Alikuwa akikufunza wewe, na mimi nilikuwa na masikio. Homa ilipopanda mara ya kwanza nikamwona mwanangu Sasi. Nikamwona vilevile alivyokuwa kiangazi kile, midomo imepasuka, anaita maji na maji hayapiti. Nimeshamzika mmoja, Rahmin. Nikaona nimwekee Henina kitu ambacho Malaika wa Mauti akikiona ataogopa kupita.

Wala usije ukaniambia kwamba niliandika bila kukusudia utakatifu, kwa hiyo si Jina, ni madoa. Nimeshakufikiria utasema hivyo ili unisaidie. Nilisema maneno yote aliyokuwa akisema baba kabla ya kuligusa Jina. Mkono haukutetemeka. Hakuna mwandishi hapo Jerba aliyewahi kuandika kwa kukusudia kama nilivyokusudia mimi siku ile.

Sasa amelala, anaongea na watu ambao hawapo. Jana aliniita Mama Mabruka, jina la jirani yetu Mwislamu. Hanijui. Shushan bado yuko Gabes na hana habari ya wino. Nikimwosha, ninamfuta Yeye kwa kiganja changu, na nani atanilindia mtoto baada ya hapo? Nisipomwosha, nitamzika na Jina likiwa zima kifuani. Naogopa kila upande. Naogopa hata kumtazama, kwa sababu nikimtazama naliona kitambaa.

Nijibu. Sitaki maneno ya kitabu. Niambie nifanye nini.

Meiha


Hara Kubwa, 22 Tamuzi 5694

Meiha,

Mwoshe. Mwoshe sasa hivi, usimalize hata kusoma. Fungua kitambaa, mtie kwenye maji yote, msugue kwa mkono wako mpaka wino utoke.

Kuokoa roho kunasukuma kando hata Sabato, seuze wino. Hili silitafuti, kila mtoto wa chuo analijua, na wewe unalijua. Ulichouliza ni kuhusu mtu mzima wa afya anayetaka kuoga, nami nikamjibu mtu huyo. Ole wangu, sikuuliza ni nani!

Mama aliingia na barua yako akipiga kelele. Nilikuwa nimeshaandika herufi ya kwanza ya Jina, nipo kwenye ya pili. Hapo hata mfalme wa Israeli akinisalimu siruhusiwi kumjibu. Niliinuka. Ngozi hiyo imekwisha, itazikwa ilivyo, sijali.

Nimekimbia posta kupeleka simu, karani anasema upepo umeangusha waya huko Medenin na hajui lini utarudi. Kwa hiyo nampa barua hii dereva anayeondoka saa hii. Nami nakuja, Sabato ikiisha sikawii hata saa moja.

Kama kuna dhambi hapa, iandikwe kwangu. Nimeitamka mbele ya Mama na Diamanta, ni mashahidi. Mwoshe.

Rahmin


Hara Kubwa, 29 Tamuzi 5694

Dada yangu Meiha,

Salamu. Sijui nikuulize hali namna gani.

Nilifika Medenin nikarudishwa. Askari wamefunga njia ya kusini kwa sababu ya homa hiyohiyo, hapiti mtu wala mzigo. Nilibembeleza mpaka nikaona aibu. Nikamwambia mmoja wao, kijana tu, "Mpwa wangu anaumwa huko." Akanijibu, "Baba, huko kila mtu ni mpwa wa mtu." Nilimpa barua nyingine akaitia mfukoni, lakini sikumwamini, alikuwa akitafuna mbegu wakati naongea.

Tangu nirudi gari la Tatawin halijaonekana. Mama hali chakula. Anakaa mlangoni na kapu lake tupu mapajani, na mtu akipita anamshika nguo amuulize anatoka wapi. Diamanta anawasha taa kwa ajili ya Henina na haniongeleshi, na ana haki. Watu wa sinagogi wanauliza kazi inaendaje. Nawaambia macho yananiuma.

Sijashika kalamu. Nimekaa mbele ya ngozi safi na najiona nikikuandikia ile barua ya kwanza, nimeshiba, nimefurahi kuulizwa, nikikutania na kidevu chako. Asioge. Asijipake mafuta. Hata tone. Nilikuwa najivunia nilivyoipanga ile sentensi! Na wewe ukaenda ukamfunga mtoto kitambaa.

Nilizoea hofu moja, ya kuliharibu Jina. Hii ya sasa sijawahi kuijua, hainiachi hata nikila. Usiku nasikia maji.

Niandikie neno moja tu. Hata kama ni lile ninaloliogopa, niandikie.

Rahmin


Tatawin, 11 Av 5694

Kwa kaka yangu Rahmin, na kwa Mama, na kwa wifi Diamanta, salamu na amani.

Yu hai.

Nimelitanguliza hilo ili Mama asikufie mkononi ukisoma. Njia imefunguliwa jana, na barua zako tatu nimepewa kwa mpigo, ile ya yule askari ikiwa na mbegu ndani. Kwa hiyo "mwoshe" yako nimeisoma Henina akiwa ameketi kitandani, ameshika kipande cha mkate, anakilamba tu. Nywele zinamtoka mashada mashada. Amebaki macho na magoti. Lakini jana alimwambia Shushan ana harufu ya ngamia, na Shushan akatoka nje akalia.

Nilimwosha kesho yake baada ya kukuandikia. Sikungoja jibu lako. Adhuhuri ile alianza kukaza shingo, macho yanarudi juu. Mabruka alikuwepo. Nilikuwa nimeshamwambia yote, maana siri kama ile mtu huwezi kuibeba na beseni juu yake. Akaniambia, "Nipishe, mwanangu. Wewe unakatazwa, mimi sikatazwi. Nitamsugua mimi, wewe geuka ukutani." Kaka, niligeuka. Nilishageuka. Nikamsikia anafungua kitambaa. Nikasikia anauliza, "Hili ni jina la nani hasa?" Nikamwambia. Akasema, "Basi huyu ndiye huyohuyo ninayemsujudia mimi. Hata mimi siwezi." Tukabaki tunatazamana, wanawake wawili, na mtoto anakoroma katikati.

Nikamwinua mwenyewe nikamtia kwenye maji. Alipiga ukelele ambao sitausahau, maji yalikuwa ya kisimani. Nikaweka kiganja juu ya herufi. Nikasema kwa sauti, Mabruka ni shahidi: "Mimi ndiye niliyekuandika na mimi ndiye ninayekufuta. Ukitaka kukasirika nikasirikie mimi, usimguse yeye." Nikasugua. Wino wa baba ni mgumu, hautoki upesi. Ulikuwa ukiteremka mbavuni mwake mweusi, na mimi nasugua na meno yananigongana kana kwamba niliye majini ni mimi. Nilingoja dari iniangukie. Haikuanguka. Mabruka akaleta ndoo nyingine.

Tukaendelea hivyo siku baada ya siku, na joto likashuka kidogokidogo, likashindana, likashuka.

Sasa nikueleze kinachonisumbua, maana wewe ndiye wa kuniambia. Silali. Kila akikohoa nasema ndiyo hii, imekuja. Akinyamaza naenda kumsikiliza pumzi. Nimemfuta Aliyemponya, na najua ipo siku atanidai. Hata furaha naiogopa, naificha, nisionekane nimefurahi. Na yale maji ya kwanza, yenye wino, sikuweza kuyamwaga. Utayamwaga wapi? Njiani watu wanakanyaga. Nimeyatia kwenye mtungi nikaufunga kwa nta, upo darini, na nikipita chini yake nainamisha kichwa.

Ile barua yako ya kwanza sina kinyongo nayo. Mimi ndiye niliyeficha. Niliona aibu ujue kwamba binti wa mwandishi ameandika.

Dada yako,
Meiha


Hara Kubwa, 1 Eluli 5694

Kwa dada yangu Meiha, mama wa Henina aliye hai.

Amani kwako, na kwa Shushan, na umfikishie Mabruka salamu zangu, mwambie nimesimama wima kuziandika. Mama amesomewa barua yako mpaka ameijua kwa moyo. Pale pa harufu ya ngamia anatusimamisha, anataka parudiwe. Amekula. Diamanta ananiongelesha, ingawa kwa kifupi.

Mtungi huo uuteremshe. Njia ikitulia mpe Shushan aulete, tutauzika hapa pamoja na vitabu vilivyochakaa, kwenye kaburi moja, na nitausomea mwenyewe. Si kwa sababu una laana. Ni maji yaliyofanya kazi, yapewe heshima yake.

Na hilo la kudaiwa, nisikilize. Umeniuliza mimi, basi mara hii nakujibu wewe, si kitabu, ingawa kitabuni limo. Zamani Hekalu liliposimama, mume akimshuku mkewe, kuhani aliandika maneno yenye Jina, kisha akayafuta kwa mkono wake ndani ya maji. Ni kwa amri. Mwenyewe ndiye aliyesema Jina Langu lifutwe, lipotelee majini, ili nyumba moja ya watu wawili wanaogombana ipate amani. Sehemu hiyo nimeiandika kwa kalamu yangu, herufi kwa herufi, nikikagua kama wino umekaa sawa. Nikaipita. Aliyekubali kufutwa kwa ajili ya ugomvi wa mume na mke, unadhani atamdai mama aliyemwosha mtoto? Unamwogopa, na mimi namwogopa, na tuendelee kumwogopa. Lakini si mtu wa kinyongo, Meiha. Lala. Furahi wazi, watu wakuone.

Mimi nimeirudia kazi juma hili. Ninaandika polepole kuliko zamani. Kapu la Mama nimeliondoa. Barua ikija, inaingia.

Na watu wanaendelea kuja na maswali yao, kama unavyowajua. Siwajibu tena mlangoni. Kwanza namkaribisha mtu ndani, namuuliza nyumbani kwake nani mgonjwa. Wengi wananicheka. Jana alikuja mke wa mshona viatu kuuliza kama chungu chake cha nyama kilichodondokewa na maziwa bado ni halali. Nikamuuliza nani mgonjwa. Akanitazama, akaketi pale kwenye ngazi na chungu mapajani, akaanza kulia, na mpaka jua linazama tulikuwa hatujafika kwenye chungu.

Kaka yako,
Rahmin